Nitajuaje kama wingu hili la M33 ni mabaki ya supanova?

Swali: Picha ya galaksi ya M33 iliyopigwa kwa kichujio cha haidrojeni inaonyesha mawingu mekundu mengi. Nitajuaje lipi ni mabaki ya supanova (nyota iliyolipuka) na lipi ni kitalu cha nyota changa?

Jibu: Kwa picha hiyo peke yake hutajua. M33 iko umbali wa karibu miaka ya nuru milioni 2.7, na mabaki mengi huonekana kama doa dogo tu. Unahitaji spektra, yaani mwanga wa wingu uliotawanywa kwa rangi zake.

Pitisha mwanga wa wingu kwenye spektrografu, kifaa cha kuutawanya hivyo, kisha nenda upande wa nyekundu. Mstari wa haidrojeni, yaani rangi moja mahususi ambayo gesi hiyo hung'aa kwayo, upo kwenye nanomita 656.3, na mbele yake mistari pacha ya salfa, 671.6 na 673.1. Jumlisha nguvu ya mistari hiyo miwili, ugawanye kwa nguvu ya haidrojeni. Ukipata 0.4 au zaidi, huenda umepata mabaki. Vitalu vya nyota kwa kawaida hutoa kama 0.1 au 0.2.

Kwa nini salfa? Ndani ya kitalu, urujuanimno wa nyota zenye joto kali huivua salfa elektroni mbili, na mistari hii miwili hutoka kwa salfa iliyopoteza moja tu. Wimbi la mshtuko la supanova ni jambo jingine: huikumba gesi na kuichemsha, kisha gesi inapopoa nyuma ya wimbi hupita hatua ambayo salfa ya namna hiyo imejaa tele. Hapo ndipo mistari pacha inapowaka.

Kwenye mawingu hafifu, tafadhali usiiamini 0.4 peke yake. Gesi iliyotawanyika kati ya nyota nayo huwa na uwiano mkubwa wa salfa. Pima mwanga wa pembeni mwa wingu uutoe kwanza, halafu tafuta mstari wa oksijeni kwenye 630.0, kama ishara ya pili ya mshtuko. Anga letu la usiku hung'aa kwa mstari huohuo, lakini M33 inatukaribia kwa takriban kilomita 180 kwa sekunde, hivyo mstari wake husogea karibu nanomita 0.4 kuelekea bluu. Spektrografu nzuri huitenganisha. Mistari ikiwa imetanuka kwa zaidi ya kilomita 100 kwa sekunde, dalili kwamba gesi inakwenda kasi kubwa, mimi huwa sina shaka tena.

Kipimo hiki kina upofu wake. Mabaki machanga ya supanova za aina ya Ia (milipuko ya nyota kibete nyeupe), kama yale yaitwayo 0509-67.5 katika galaksi jirani ya Wingu Kubwa la Magellan, huonyesha haidrojeni karibu bila salfa kabisa. Hayo hupatikana kwa eksirei.