Robo eka inatosha kuanzia
Dada yangu, unauliza kama robo eka yako ya Kisesa inatosha kulima mboga za asili za kuuza Mwanza mjini, au usubiri upate eka nzima. Usisubiri! Hiyo ni kama mita za mraba 1,000. Gawa matuta, upande kwa zamu kila wiki. Mchicha huwa tayari kwa wiki 3 hadi 4, hutakosa cha kupeleka sokoni. Mnafu usiung'oe, chuma ncha utachipua tena. Wengi huangushwa na uhaba wa maji wakati wa kiangazi, si udogo wa shamba. Ukishawishika kukodi kando ya ziwa, kumbuka Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni. Vuna alfajiri, funika kwa gunia bichi: akina mama sokoni huvunja kijiti cha mchicha kwanza, kikipinda bila kukatika bei inashuka.