Si lazima avushwe mpaka

Hapana ndugu unayedhani lazima mtu atolewe nchini, si mpaka apandishwe ndege ya Saudia ndipo iitwe usafirishaji haramu wa binadamu. Sheria yetu ya Kenya ya 2010 ya kupambana na usafirishaji huo haidai hivyo. Ukimchukua mtu, ukamsafirisha, au hata ukampokea tu na kumficha, kwa kumdanganya, kumtisha au kutumia shida zake, nia ikiwa kumnyonya, kosa limetimia. Hata kama safari yenyewe ni ya matatu humu humu Pwani, kutoka Kinango hadi Nyali.

Na hilo la "si alikubali mwenyewe" halimwokoi dalali aliyemchukua mtu huyo. Akishamdanganya, kukubali kule hakuhesabiwi. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18 hata huo udanganyifu si lazima uthibitishwe, inatosha kwamba alichukuliwa ili anyonywe.

Mimi ni msaidizi wa kisheria huku Likoni, na hadithi huwa ni ile ile: binti anaahidiwa shule, akifika simu yake inachukuliwa "ikachajiwe", geti linatiwa kufuli, mshahara anatumiwa "shangazi" aliyemleta. Shangazi gani, wala hawana udugu! Adhabu ya kosa hili si mchezo: kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili.

Ila tusichanganye mambo. Mshahara duni peke yake, mtu akiwa huru kuondoka, hilo ni la ofisi ya leba. Lakini anayenyonywa akiwa ni mtoto, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.