Mimi nipeni Jumatatu

Mmeuliza wiki hii kama watumishi wa serikali waruhusiwe kupiga kazi siku nne ndefu kwa wiki badala ya tano. Mimi ni karani wa masijala hapa Mtwara mjini, mke wangu anafundisha Newala, kwahiyo jibu langu mnalijua tayari, ila nisikilizeni kidogo.

Ijumaa tunatoka saa 9 na nusu, ufike stendi, usubiri gari lijae, njiani vumbi au matope kutegemea msimu, unaingia nyumbani watoto washalala na Jumapili mchana unabeba begi tena. Mikorosho yangu anapulizia shemeji, na dawa ya salfa kila mwaka inaisha kabla ya miti, mi sisemi kitu.

Sasa msidhani natetea tumbo langu tu. Kuna wazee wanatoka huko huko njia ya Newala, Tandahimba, na gari la asubuhi, mtu anatufikia saa 8, faili lake litafutwe, lipande kwa bosi lisainiwe, mara tunafunga, na gesti hela hana. Siku nne za masaa kumi ni masaa 40 yale yale, lakini ofisi ingekuwa wazi saa 1 na nusu mpaka saa 11 na nusu, yule mzee angemaliza siku hiyo hiyo! Ila tusipumzike wote siku moja, nusu wachukue Ijumaa nusu Jumatatu, la sivyo tumemkomoa mwananchi.

Na wala sio kitu cha ajabu, Marekani watumishi wa serikali kuu wana sheria yake tangu 1982, wengine wanamaliza masaa 80 ya wiki mbili kwa siku tisa. Hata sheria yetu ya ajira ya 2004 inaruhusu mkiandikishana na mwajiri kufanya mpaka masaa 12 kwa siku bila ovataimu, mradi wiki isizidi masaa 45. Watu wengi hawajui.

Iwe hiari lakini, mama anayenyonyesha masaa kumi atayatoa wapi. Na bosi asinipigie siku yangu kuuliza funguo ya kabati iko wapi.

Mimi nikiulizwa nachukua Jumatatu, Ijumaa yenyewe kuanzia saa 6 wengi wako msikitini na foleni hamna. Foleni ni Jumatatu, wenzangu watanichukia hapo.