Fundi Anajibu: Koneta ya mafuta ikivunjika porini

Mwezi huu maswali mengi mliyonitumia yanahusu sehemu moja ya pikipiki, koneta: pale paipu ya mafuta inapoungana na tanki au na kabureta. Ni kipande kidogo, hakizidi kidole gumba, lakini kikipasuka hakuna safari. Nimechagua matano na kuyafupisha.

Fundi, shikamoo. Mimi ni afisa ugani huku Chunya, natumia Honda XL 125. Nilianguka korongoni, kile kimdomo cha koki ya tanki kinachoingia kwenye mpira wa mafuta kikakatika. Fundi wa hapa kijijini amenifungia kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Matone yanatoka machache tu. Naweza kuvumilia mpaka mwisho wa mwezi?

Marahaba, mwanangu. Usivumilie hata hadi kesho kutwa.

Tyubu ya baiskeli imetengenezwa kushika upepo. Ikikutana na petroli hunyonya, huvimba na kulainika. Siku ya kwanza utaiona imebana vizuri, na hapo ndipo inapowadanganya watu. Nilipokuwa najifunza kazi, gereji tuliyokuwepo ililetewa pikipiki ya muuguzi iliyofungwa hivyo hivyo, na ilikuwa na wiki mbili barabarani. Nilipoushika ule ukanda ulibaki vidoleni kama mlenda. Kabla hatujaufungua, mwenzetu mmoja akajaribu kuwasha injini ili asikie mlio wake. Moto ulianzia chini ya kabureta ukapanda hadi kwenye kiti. Tuliuzima kwa mchanga, hakuna aliyeumia, ila waya zote za upande ule ziliyeyuka. Tangu siku ile sijamfungia mteja yeyote mafuta kwa tyubu, hata aniombe vipi.

Matone machache siyo madogo kama unavyoyaona. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse jua la Chunya. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupai. Unashuka na kutambaa sakafuni hadi ukutane na jiko la mkaa la mama ntilie aliye jirani na gereji.

Nunua koki nzima, usihangaike kuunganisha kimdomo. Mwaga petroli yote kwenye jerikeni, toa tanki, liweke juu ya gunia kavu mbali na moto. Koki nyingine hushikwa na boliti mbili, nyingine na nati moja kubwa. Linganisha na ya zamani kabla hujalipia dukani. Ukiichomoa utaona kichujio chembamba cha wavu kilichokuwa kimesimama ndani ya tanki. Kama kina kutu au uchafu mwekundu, suuza tanki kabla ya kufunga mpya. Weka gasketi au oringi (pete ya mpira ya kuzibia) mpya. Usipake ile silikoni ya kuzibia injini: petroli huilainisha, vipande vikakatika na kwenda kuziba jeti, kile kitundu cha kupitishia mafuta kwenye kabureta, kisha utanilaumu mimi.

Kama duka liko mbali na koki imebakiwa na kisiki cha angalau sentimita 1, lainisha kingo zake kwa msasa, visha mpira mpya wa mafuta na uubane kwa klipu. Hiyo ni ya kukufikisha mjini tu.

Bwana fundi, huku Kasulu wazee wanasema sabuni ya mche inaziba petroli. Ni kweli?

Ni kweli. Sabuni haiyeyuki kwenye petroli, ndiyo maana ukiisugua kwenye tundu dogo la tanki la bati matone hukatika. Imewarudisha wengi nyumbani, na mimi ninayo kipande kwenye mfuko wa spana. Lakini inataka sehemu iliyotulia. Kwenye koneta, ambako mpira unatikisika muda wote, itamomonyoka kabla hujamaliza kijiji kimoja, na mvua ikinyesha itayeyuka yote. Supaglu nayo usiitegemee. Hukauka ngumu kama kioo na kupasuka kwa mtikisiko. Na kama pikipiki yako ni ya injekta, yaani inanyunyiza mafuta kwa nguvu ya pampu badala ya kabureta, sahau vyote viwili. Sababu naieleza kwa ndugu yetu wa Oman.

Assalaam alaykum. Mie niko Ibra, nnaendesha KTM 450 EXC-F kwenye mchanga wa Sharqiya. Ijumaa pikipiki ilinilalia, koneta ya plastiki baina ya tanki na mpira ikavunjika. Nusu moja imebaki ndani ya mwenzake. Naweza kubadilisha mwenyewe? Na nitie ya chuma?

Waalaykum salaam. Unaweza, lakini tenga jioni nzima na usiharakishe.

Kwanza elewa unashika kitu gani. Kwenye kabureta petroli inateremka kwa uzito wake tu. Kwenye pikipiki yako kuna pampu ndani ya tanki inayoisukuma kwa karibu baa 3.5, yaani psi 50, mara tatu na zaidi ya upepo unaotia kwenye tairi la mchangani. Koneta ikiwa na ufa, petroli haidondoki. Inaruka kama ukungu, tena juu ya injini ya moto. Kwa hiyo toa betri kwanza, iache injini ipoe kabisa, fanyia kazi nje penye hewa, na uwe na kizima moto cha unga au ndoo ya mchanga karibu. Kwa joto lenu la kiangazi linalopita nyuzi 45, subiri jua lizame.

Kabla ya kugusa chochote, puliza mchanga wote kwa kompresa kuzunguka ile koneta. Naisisitiza hatua hii kuliko zote. Chembe moja ya mchanga wa Sharqiya ikiingia kwenye mpira itaishia kwenye injekta, na injekta ina vitundu vidogo kuliko jicho la sindano. Kisha zungushia kitambaa, kwa sababu mafuta yaliyobaki na nguvu yatatoka ukiifungua.

Sasa kile kipande kilichovunjikia ndani. Usikisukume. Kivute kwa koleo jembamba, kipangilie mezani pamoja na nusu ya pili, uhakikishe hakuna kona iliyopotea. Koneta za EXC-F zina kichujio kidogo ndani yake kwenye njia ya kwenda kwenye injekta. Kibadilishe sasa hivi, maana kimeshapokea vumbi la ajali. Wengi hawajui kipo, wanabadilisha pampu nzima kwa sababu pikipiki inakosa nguvu, kumbe ni hicho.

Kama nusu iliyovunjika ndiyo inayotoka kwenye tanki, lazima tanki lishuke na pampu itolewe. Si kazi ngumu, ila shika ile oringi kubwa ya mdomo wa tanki kama yai: isipokaa sawasawa utakuwa umehamisha uvujaji kutoka kwenye koneta hadi kwenye pampu.

Kwa upande wa mpira, usiuvute kwa nguvu kutoka kwenye koneta kuukuu. Kata klipu ya kiwandani, halafu chana mpira kwa urefu, au ukate nyuma kidogo kama una urefu wa kutosha. Tumia wembe au kisu kikali; msumeno huacha unga wa mpira ndani. Chovya ncha kwenye maji ya moto kwa dakika moja, ifute ikauke, paka tone la oili safi, kisha usukume hadi upite mgongo (ule ukingo ulioinuka) wa mwisho wa koneta. Klipu ikae nyuma ya mgongo huo, ikiacha milimita 2 au 3 za mpira mbele yake. Tumia klipu ya mafuta yenye kingo zilizokunjwa. Zile za bomba la maji zenye matundu huukata mpira kidogo kidogo kila unapokaza.

Kuhusu chuma: kwa mtu anayeanguka mbali na watu kama wewe, mimi naiunga mkono. Plastiki ikizeeka kwa joto na petroli hukakamaa, na ndivyo zilivyovunjika nyingi hata kwenye BMW R 1150 GS za wasafiri wa masafa marefu. Lakini hakikisha mambo mawili. Koneta mpya iwe na vali ya kujifunga pande zote mbili, la sivyo siku utakayoichomoa petroli itakumwagikia miguuni. Na nunua nusu zote mbili za mtengenezaji mmoja. Zinaweza kuingiana na kulia "tak" huku oringi haijabana. Chuma pia haikubali kukatika, kwa hiyo pigo litakalokuja litakwenda kwenye mdomo wa pampu. Uache mpira na ulegevu kidogo usivutike usukani ukigeuzwa mpaka mwisho.

Ukimaliza, washa na uiache injini iungurume papo hapo dakika 5. Pitisha karatasi nyeupe kavu chini ya koneta. Karatasi ikilowa, zima.

Fundi, niko Nakuru. Pikipiki yangu ni ya kabureta. Muuzaji alinipa mpira wa silikoni wa rangi ya buluu, akasema unavumilia joto kuliko ule mweusi. Baada ya mwezi umekuwa mnono na unateleza kwenye koneta. Nilikosea wapi?

Hukukosea wewe. Silikoni inavumilia joto kweli, ndiyo maana hutumika kwenye rejeta, ila petroli inaipenya na kuivimbisha. Mpira wa breki nao vilevile, usiujaribu: umetengenezwa kwa mafuta ya breki, si petroli. Oringi ya koneta pia iwe ya naitrili au Viton, aina za mpira zinazostahimili petroli.

Dukani usiulize rangi, soma maandishi yaliyopigwa juu ya mpira. Kwa kabureta, wenye alama SAE J30R7 unatosha. Kwa injekta tafuta J30R9, unaostahimili presha kubwa zaidi. Muuzaji akikuletea mpira usio na maandishi yoyote, mshukuru na uende duka la pili. Na pima tundu kwa kipande cha zamani ulichonacho mkononi. Mpira wa milimita 8 ukibanwa kwa klipu juu ya koneta ya milimita 6 utajikunja pembeni na kuvuja palepale penye mkunjo.

Kaka, Jumamosi tunatoka Mto wa Mbu kwenda Loliondo kupitia Ngaresero, pikipiki nne. Tubebe nini kwa ajili ya mafuta tu?

Safari nzuri hiyo, ila mawe na vumbi la njia ile havina huruma. Beba nusu mita ya mpira wa mafuta unaolingana na pikipiki zenu, klipu sita, oringi mbili za koneta, na koneta moja ya kuunganisha mpira uliokatika katikati. Wembe. Sabuni, kama wenye pikipiki za kabureta wapo. Boliti mbili za M6 (unene wa milimita 6) za kuziba mpira unapochomoa, ili usipoteze lita za kukufikisha. Vyote vinaenea kwenye mfuko wa soksi.

Ijumaa jioni kagua kila koneta kwa tochi. Plastiki iliyobadilika rangi kuwa ya njano, au yenye mistari myembamba kama ya bakuli la udongo, ibadilishe nyumbani. Ishike na uitikise: ikicheza, oringi imechoka.

Mkifika Engaruka zimeni, msubiri vumbi litulie, kisha kila mtu apitishe kidole chini ya koneta yake na akinuse.