Seli hai kama kipimo cha virusi: zinatushinda wapi?

Mleta uzi ameuliza: kama seli zinaweza kupandikizwa jeni zikatoa mwanga zikikutana na virusi, mbona bado tunahangaika na kipimo cha PCR? Nimefanya kazi na seli za aina hii maabara, ngoja nichangie.

Mkuu, PCR inatafuta vipande vya jeni, na itavikuta hata kama virusi havina tena uwezo wa kuambukiza. Seli inakwambia kama uwezo huo bado upo.

Chukua TZM-bl, ninazozijua zaidi. Ni seli za HeLa (seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabara) zilizoongezewa CD4 na CCR5, vipokezi ambavyo HIV hujishikiza ili iingie. Ndani yake kuna jeni ya lusiferasi, kimeng'enya cha kimulimuli, ambayo imelala mpaka kirusi kiingie na kutengeneza protini yake ya Tat. Unasubiri kama saa 48, unapasua seli, unaweka kemikali, mashine inasoma mwanga. Ukitanguliza kuchanganya virusi na seramu (majimaji ya damu yasiyo na chembe) ya mtu aliyechanjwa, mwanga ukashuka, ina maana kingamwili zimezuia maambukizi. Hapo PCR peke yake haikusaidii.

Kuna waliotaka kasi. Mwaka 2003 Todd Rider na wenzake wa MIT, chuo cha Marekani, walitangaza kipimo cha CANARY: seli B (seli za kinga ya mwili) zenye kingamwili juu yake, na ndani ekworini, protini ya konyeza inayotoa mwanga kalsiamu ikipanda. Kirusi kikinasa kingamwili kadhaa kwa mpigo, jibu linatoka ndani ya dakika chache. Safi sana, ila hapo kirusi hakihitaji kuingia ndani, kwa hiyo kilichokufa nacho kinaweza kuwasha taa. Umepata kasi, umepoteza lile lililokufanya utumie seli.

Kifaa cha mfukoni? Seli za binadamu kama TZM-bl zinataka nyuzi 37, kabonidayoksaidi asilimia 5 na chakula kipya kila baada ya siku chache. Fangasi wakiingia kwenye seli utawaona. Mikoplazma, bakteria wadogo sana, ndio wabaya: maji ya kukuzia seli hayachafuki, hadubini ya kawaida haiwaonyeshi, huku usomaji unayumba.

Na kuna mtego mwingine. Seramu ikiwa na sumu, seli zinakufa, mwanga unashuka, nawe unashangilia chanjo! Ndiyo maana tunapima seramu hiyohiyo dhidi ya virusi vilivyovalishwa ganda la kirusi cha panya, ambacho chanjo hiyo haikilengi. Mwanga ukishuka na huko, hayo matokeo tupa.