Miche iliyorefuka gizani usiitupe: ipe mwanga wa juu, kisha uizike shina

Wiki hii mdogo wangu mmoja wa Kyeshero, mtaa wa hapa Goma, amenitumia picha ya nyanya zake. Amezioteshea sebuleni, kwenye beseni. Shina limekuwa jeupe na jembamba kama uzi, majani mawili madogo yako kileleni, na miche yote imelala upande mmoja kutazama dirisha. Chini ya picha ameandika: "Yaya, dada yangu, watu wote wananiambia nitupe nianze upya. Nitupe?"

Nilimjibu palepale kwamba asitupe hata mmoja. Lakini jibu la simu ni fupi, na hili jambo mimi limeniuma vya kutosha kiasi kwamba siwezi kulimaliza kwa mistari miwili.

Wengine mnajua kazi yangu. Ninaotesha miche ya nyanya, kabichi, pilipili na biringanya, nawauzia akina mama wanaolima kwenye magunia. Hapa Goma shamba la mtu wa mjini ni gunia. Tangu lava ya 2002 ipite katikati ya mji, parseli nyingi, yaani viwanja, ni jiwe jeusi tupu, na udongo unaupata kwa pesa, unakuja umepakiwa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo. Nje kuna kuku, kuna watoto, kuna mvua inayopiga kama imekasirika. Ndiyo maana miche tunaiotesha ndani, na ndani ya nyumba ya mbao kuna giza.

Mimi nilikuwa na dirisha zuri la mashariki. Jua la asubuhi liliingia mpaka mezani, na miche yangu ilitoka mifupi, minene, shina lenye rangi ya zambarau kidogo kama inavyotakiwa. Halafu jirani akajenga ukuta wa matofali, mkono mmoja tu kutoka dirishani kwangu. Ni haki yake, parseli ni yake. Lakini ukuta ule ulipanda wakati miche yangu imeshatokeza, na mingi ilikuwa oda ya chama fulani cha akina mama walionipa avansi, yaani malipo ya awali. Ikaanza kurefuka. Kila asubuhi naikuta imeongezeka urefu, unene hakuna.

Mwakilishi wao alipokuja kuichukua, aliiangalia akacheka mbele ya watoto wangu. "Mama, hizi ni nyanya ama ni nywele?" Akataka avansi yake. Nilimrudishia yote, mpaka noti ya mwisho, na usiku ule sikula. Kesho yake nikaenda kwa muuzaji mmoja wa pembejeo, naye akaniambia miche yangu ina njaa, ninunue urea. Nilimshukuru, nikatoka bila kununua. Mche uliorefuka hauna njaa ya mbolea. Ukiupa urea unarefuka zaidi, unakuwa laini zaidi, na ugonjwa wa kuoza shina unaukuta uko tayari.

Sikieni vizuri kinachotokea. Mche una akiba kidogo iliyotoka kwenye mbegu. Ukiwa gizani, unaamini kwamba bado umefunikwa na majani ya wenzake, kwa hiyo akiba yote unaitia kwenye urefu ili ufike juu kwenye jua. Ukiuacha kwenye joto, au ukiuachia mfuniko baada ya kuota, au ukiibananisha miche mingi katika beseni moja, unakimbia zaidi.

Na jicho letu linatudanganya sana hapa. Sisi tukikaa sebuleni mchana tunaona kila kitu, tunasema kuna mwanga. Nje, jua likiwa wazi, mwanga unafika karibu lukisi 100,000 (lukisi ni kipimo cha mwanga). Siku ya mawingu bado ni 10,000 na zaidi. Ndani, karibu na dirisha, mara nyingi ni elfu moja hivi, na ukisogea katikati ya chumba ni mia chache tu. Jicho linajirekebisha, mche hauna namna.

Jambo lingine ambalo vitabu vya Ulaya havitwambii: wao wanaambiwa waweke miche kwenye dirisha la kusini. Huko jua linapita chini upande wa kusini na kuingia ndani. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Saa sita mchana jua liko juu ya bati, si mbele ya dirisha. Dirisha letu linapata jua la asubuhi au la jioni, na upenu unakata linalobaki. Kwa hiyo mwanga wa kweli katika nyumba ya Goma unatoka juu, na ni juu nilikoutafuta.

Nilimwita fundi, akatoa bati moja la paa juu ya meza yangu, akaweka lile la plastiki linalopitisha mwanga. Kwisha. Hakuna kitu nilichonunua katika kazi hii kilicholipa kama bati lile. Ukiliweka, mlango uwe wazi saa za mchana, kwa sababu joto linajikusanya chini yake.

Kama nyumba ni ya kupanga na mwenyewe hataki paa liguswe, una njia mbili. Ya kwanza ni kutoa miche nje kila siku, chini ya upenu, na kuirudisha jioni. Ya pili ni balbu za LED nyeupe, si za manjano, zikaribie miche kabisa: sentimita tano hadi kumi juu ya kilele. Watu wanawasha balbu ya darini wanasema wameweka taa. Mwanga wa balbu ukiuweka mbali mara mbili, unabaki robo. Shusha balbu kwa kamba, na miche ikikua uipandishe kidogo kidogo. Ziwake saa 14 mpaka 16 kwa siku, maana ni hafifu kuliko jua, kisha miche ilale gizani. Umeme ukikatika, usihangaike, kesho endelea kama kawaida. Balbu za zamani zile zinazochoma vidole usizitumie hivyo, zitaunguza majani. Zungushia karatasi nyeupe au karatasi ya kung'aa ili mwanga urudi.

Na iguse! Pitisha kiganja juu ya vilele asubuhi na jioni, polepole, kwenda na kurudi. Mche unaotikiswa unafanya shina kuwa fupi na gumu, kama vile upepo ungeufanyia nje. Majirani walidhani naombea mimea. Sawa, hata hilo nilifanya.

Mwanga hauwezi kulifupisha shina lililokwisha kurefuka. Hapo ndipo kupandikiza kunapoingia, na nyanya ina baraka ambayo mimea mingi haina: shina lake lote, likifukiwa, linatoa mizizi. Subiri mpaka mche uwe na majani mawili halisi, yale yenye meno meno, juu ya yale ya mbegu yaliyotoka kwanza. Mwagilia kwanza. Inua mche kwa kijiko, ushike kwa jani, usishike shina kamwe, maana jani likikatika litaota lingine na shina likipondeka umekwisha. Chukua kopo la tomate au nusu ya bidoni (dumu) lililotobolewa chini. Udongo changanya na samadi iliyooza kabisa na changarawe nyepesi ya lava iliyopondwa, hiyo tunayo bure. Fukia mche mpaka karibu na majani ya mbegu, hata mpaka chini ya majani halisi. Kama ni mrefu kupita kopo, ulaze kwa mshazari, kilele tu kitoke nje. Usiukunje kwa nguvu. Baada ya siku moja au mbili kitainuka chenyewe.

Ule mzigo uliokataliwa niliufanyia hivyo wote. Ile iliyokuwa imeoza shina niliitoa, mingine ilisimama. Nilipanda kwenye magunia yangu mwenyewe, na mwezi huu nyanya zake nimeziuza soko la Virunga. Chama kile kimemtuma mtu mwingine kuja kuagiza miche. Nimempa, kwa bei ya kila mtu, avansi yote mkononi kwanza. Sina chuki, lakini neno "nywele" bado nalisikia.

Kabla ya kupeleka nje, zoesha. Siku saba mpaka kumi: kivulini kwanza, kisha jua la asubuhi kwa muda wa saa moja, kesho yake kwa saa mbili, mpaka siku nzima. Tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari na jua letu linachoma jani lililozoea ndani, linageuka jeupe kwa mchana mmoja. Panda jioni au siku ya mawingu, na siku za mwanzo funika kwa jani la ndizi. Miche ikiwa bado kwenye kopo, maji mwagia chini kwenye sahani, udongo wa juu ukauke kidogo kati ya maji na maji.

Dada zangu, tumezoea kutupa. Mtu anaangalia kitu chembamba anasema hakifai, na sisi tunaamini kwa sababu amesema kwa sauti. Mbegu nzuri ni ghali, pakiti moja ni chakula cha watoto. Kabla ya kutupa uliza kwanza kilikosa nini. Mpe mche mwanga, mpe udongo, mpe muda. Halafu ndipo uhukumu.

Mdogo wangu wa Kyeshero ameuliza tena kama afanye hivyohivyo na vingine alivyootesha. Hapana, si vyote. Kabichi ifukie mpaka majani ya mbegu, usipite hapo. Pilipili na biringanya unaweza kuzishusha kidogo tu, hazitoi mizizi shinani kwa urahisi kama nyanya. Saladi usifukie moyo wake, itaoza. Matango na maboga hayapendi kuguswa mizizi, hayo otesha upya moja kwa moja kwenye gunia. Lengalenga, yaani mchicha, nayo mwaga mbegu mpya nje. Baada ya wiki tatu au nne utakuwa unachuma, hakuna sababu ya kuibembeleza ya ndani.