Kwa nini mkutano wa mwaka uhamie Malindi

Dada yangu, umeuliza kwa nini kamati ipendekeze mkutano wa mwaka wa kikundi chetu cha waimbaji uhamishwe kutoka Lamu kwenda Malindi, ilhali wengi wamekwisha kujiandaa. Kwa maoni yangu tatizo kubwa ni tarehe kuliko mji wenyewe: mkutano umeangukia Mfungo Sita (mwezi wa Rabiul Awwal), wakati wa Maulidi ya Lamu, ambapo nyumba za wageni hujaa na hata sebule za wenyeji hujaa jamaa, kwa hiyo kundi kubwa lenye vinanda, ngoma na vipaza sauti litapata taabu ya malazi na ya ukumbi wa mazoezi. Tena gari huishia Mokowe, upande wa bara, na kila chombo lazima kipakiwe mashuani hadi kisiwani, kisha kibebwe kwa punda au mkokoteni. Huko Malindi, basi la kutoka Mombasa, mwendo wa kilomita 120 hivi, hukufikisha mjini pamoja na mizigo yako yote. Lamu ina utamu wake wa kuimbia, sikatai. Kasoro ninayoiona ni kutangaza mabadiliko kabla ya kukubaliana nani atawarudishia fedha waliokwisha kulipia nauli na vyumba; hilo liamuliwe kwanza, tena kwa maandishi.